Siku Niliyojipigia Makofi

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilipewa somo nisilolijua, na nilipewa kwa makofi. Nilikuwa nimeshuka kwenye boti la Ubundu asubuhi ileile na diploma ya historia na jiografia. Sanduku langu la bati lilikuwa bado mlangoni mwa ofisi ya shule, pale Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Prefe, njo mkubwa wa shule ya sekondari, alisimama mbele ya walimu kumi na wawili akasoma karatasi yake: "Sitwayen Amisi, Kiingereza, toka darasa la tatu mpaka la sita." Wenzangu wakapiga makofi. Nikanyanyua kidole niseme kwamba Kiingereza nilikisoma miaka miwili tu, kwa mwalimu aliyekohoa kuliko alivyosema. Mwalimu wa hesabu, aliyekaa karibu nami, akanishusha mkono polepole.

"Wamekwisha piga," akaninong'oneza. "Ukisema sasa, unasema na nani?"

Ninyi walimu vijana mnaonisoma, hamjui habari hii, acheni niwaeleze. Zamani za Zaire kila mtu aliitwa Sitwayen, yaani raia, na kila kitu kilipita kwa makofi. Mkubwa anataja jina, watu wanapiga makofi, kazi imekubaliwa. Aliyetajwa haulizwi. Mara nyingi naye anapiga, maana ukiacha mikono yako kwenye magoti watu wanaiona. Tulipiga kwa ratiba, tulipiga kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani Jumamosi, tulipiga siku walipotuambia mshahara utachelewa. Mikono ilijua kazi yake, kichwa hakikuombwa kitu.

Basi nikawa mwalimu wa Kiingereza. Mzungu aliyenitangulia alikuwa ameacha vitabu vinne na sahani moja ya santuri bila mashine yake. Mimi sijui kujifunza nimekaa. Tangu utoto miguu yangu haitulii, hata hapa ninapoandika nimekwisha simama mara tatu. Nilijifunza Kiingereza natembea, kutoka bustani za mboga mpaka mtoni na kurudi, nasema maneno kwa sauti. Wanawake wa bustani walifikiri nasoma dua, wakawa wananiitikia amina. Mke wangu, Mama Zaina, alinivumilia, lakini nyumbani aliniwekea mpaka. "Amisi, zungukia inje. Hapa ndani iko sufuria mu moto."

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria zake. Kila somo lilihitaji fishi, yaani karatasi ya maandalizi inayosema utaanza na nini na utamaliza na nini, na kila jioni ulijaza jurnali ya darasa ili Prefe aione asubuhi. Inspekta wa Kiingereza alifika mara moja kwa mwaka. Alikuwa mzee mfupi wa kutoka Bukavu, alikuwa akibeba kiti chake mwenyewe, na alinifundisha jambo moja ambalo sikuliacha mpaka mwisho. "Sitwayen," akasema, "usitafsiri. Tafsiri inalaza mutoto. Kila kitenzi, tafuta muntu anayekifanya, muntu ambaye mutoto anamujua."

Katika darasa la sita kulikuwa na sura niliyoipenda kuliko zote, ile ya vitenzi vya kupokea kazi. Waingereza hawana neno moja la kukubali kazi. Wana kundi zima, na kila moja lina uzito wake. "Take on" ni kujitwika mzigo: niliwaonyesha mama anayetoka shamba la Mikelenge na kitunga cha mihogo, jirani anamwongezea mkungu wa ndizi juu, na mama anasema weka. "Take up" ni kuanza jambo jipya kwa hiari yako: Mama Zaina alianza kutengeneza sabuni ya mawese akiwa na watoto wanne, na hakuna aliyemtuma. "Tackle" ni kulikabili jambo gumu lenyewe: ni yule anayeshuka ndani ya kisima kilichobomoka wakati wengine wanakizunguka wakilalamika. Na "undertake" ndilo zito kuliko yote, ni kukubali kwa ahadi, kama wazee siku ya kupokea mahari. Ukitamka hilo, nikawaambia, huna pa kurudi.

Msichana aliyekaa dirishani akanyanyua mkono. Jina lake Mwajuma, binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu.

"Mwalimu, haya yote ni ya kukubali. Ya kukataa iko wapi?"

Darasa likacheka. Nikaangalia kitabu, nikaangalia programu iliyobandikwa ukutani.

"Haimo mu programu," nikasema.

"Nani aliitoa?"

"Andika, Mwajuma."

Aliandika, lakini alinitazama kwa namna iliyonifanya nizunguke darasa mara mbili kabla ya kengele.

Wiki ileile baba yake aliniita. Fundi Mwinyi alishonea barazani, mashine yake ikielekea barabara ili aone nani anapita. Hakuacha kushona aliponikaribisha. Akaniambia habari yote bila kuzunguka. Kule Kailo kulikuwa na mchuuzi mmoja wa mpunga, mtu mzima, amekwisha leta barua ya kumchumbia Mwajuma. Mama yake alilia mpaka wakakubaliana kungoja mtihani wa Leta, yaani ule mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ambao nchi nzima inauandika kwa siku zilezile.

"Akipita, anaenda Kisangani kusoma," akasema Fundi Mwinyi. "Akianguka, anaolewa, na sitaki tena maneno. Masomo mengine anaweza. Kiingereza njo inamuangusha, maana darasa la tatu alilala mwaka muzima na homa. Unaweza kumubeba, Mwalimu? Kama huwezi, sema sasa. Sitakasirika."

Ndugu zake wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nilimpa mkono mbele yao, nikasema naahidi. Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoulizwa, na niliikubali kwa kinywa changu mwenyewe. Nilitoka pale natembea haraka, nimefurahi na nimeingiwa na hofu kwa pamoja.

Kuanzia siku ile, kila mchana baada ya masomo, saa nane mpaka saa kumi, nilibaki na Mwajuma. Wenzake watano wa darasa la sita wakajiunga, wakawa sita. Tulianza upya kabisa, kwenye vitabu vya darasa la tatu. Hakuwa na haya ya kuuliza. Baada ya miezi miwili alianza kunisahihisha mimi, na mara nyingi alikuwa na haki.

Sasa nifike pale ambapo bado nikikumbuka naona aibu.

Siku ya mkutano wa walimu nilikaa nyuma, karatasi za wale sita ziko kwenye magoti, nasahihisha. Prefe alikuwa anasoma barua ndefu kutoka ofisi ya Kamisaa wa zone, njo mkubwa wa serikali na wa chama kwa upande wetu. Barua kama zile nilikuwa nimekwisha sikia mia. Niliposikia makofi, nikapiga makofi, kalamu nyekundu bado iko kati ya vidole, halafu nikaendelea kusahihisha. Mwalimu wa hesabu akanigeukia.

"Hongera."

"Hongera ya nini?"

"Wewe njo mkubwa wa animasio. Umejipigia mwenyewe."

Animasio ilikuwa ngoma na nyimbo za chama. Kila shule ilikuwa na kundi lake, na siku mgeni mkubwa akifika mjini, makundi yote yanapangwa barabarani kumwimbia. Mazoezi yake ni kila mchana. Saa nane mpaka saa kumi.

Nilimfuata Prefe mpaka ofisini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya abakosti, ile isiyovaliwa tai, iliyokwisha kupauka mabegani.

"Sitwayen Prefe, sikusikia jina langu."

"Ulipiga."

"Nilipiga bila kusikia."

Akakaa. Akavua miwani. "Wote tunapiga bila kusikia, Amisi. Siku waliyonipa shule hii, nilikuwa nimeomba kurudi kwetu kumuuguza mama. Walitaja jina langu, nikapiga. Mama alikufa mimi niko hapa napanga madawati. Enda, fanya mazoezi."

Nikaenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa mkali na kila mtu, hata na Mama Zaina ambaye hakunikosea. Wiki ya pili nikapata njia. Wale sita niliwaweka mstari wa mbele katika kundi. Kati ya wimbo na wimbo, wakati wapiga ngoma wanaendelea polepole kuwapumzisha wachezaji, mimi naita kitenzi, na mstari wa mbele unajibu kwa sentensi nzima na kwa mwili. Nikiita "take on", wanajitwika mzigo kichwani. Nikiita "tackle", wanashuka kisimani. Mwajuma ndiye aliyekuwa na sauti, basi yeye akawa anaita na mimi nasahihisha. Tulipitia sura yote, halafu sura nyingine, miguu inapiga vumbi.

Siku Kamisaa alipokuja kukagua mazoezi tulikuwa katikati ya jambo hilo. Akanyanyua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Hii ni luga gani?"

Prefe akatoa kitambaa akajipangusa shingo. Ikabidi nijibu mimi.

"Kiingereza, Sitwayen Kamisaa. Ni maneno ya kukubali kazi."

"Kukubali tu?"

"Kukubali tu."

Akafikiri. "Ni muzuri. Waendelee."

Mwajuma aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko, na mimi nikajifanya namkaripia.

Halafu ikafika barua ya mwisho. Mgeni mkubwa anatoka Bukavu kwa ndege, siku fulani asubuhi, makundi yote yawe barabarani mapema. Nilihesabu siku kwa vidole nikiwa palepale mkutanoni. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa Leta, karatasi ya lugha. Watu wakapiga makofi. Safari hii nilisikia vizuri, na mikono yangu ikapiga.

Nilimwendea Prefe mara mbili. Mara ya kwanza alisema ataona. Mara ya pili alisema mstari wa mbele hauwezi kukosekana kwa sababu Kamisaa ameuona na ameupenda, na wale sita wataandika mwaka ujao. Nikamwambia Mwajuma hana mwaka ujao. Akasema anajua, Alunguli nzima inajua.

Basi nikafanya kitendo cha woga. Nilikwenda kwa Fundi Mwinyi kumwomba aniachilie. Nilisimama barazani, nikamweleza habari ya mgeni, ya Kamisaa, ya mstari wa mbele. Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno.

"Mimi sikukupa kazi kwa makofi," akasema. "Ulinipa mukono."

Nilizunguka mtaa ule mpaka mbwa wakanizoea. Nilijikasirikia. Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu maneno manne ya kukubali, moja baada ya jingine na uzito wake, na mimi mwenyewe sikuwa na hata moja la kukataa, wala kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Asubuhi ya siku ile kivuko kilituvusha kundi zima. Wasichana walivaa vitenge vya chama, nyuso zimepakwa nukta za unga mweupe. Tukapangwa kando ya barabara ya uwanja wa ndege, shule kwa shule. Kituo cha mtihani kilikuwa Mikelenge, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Bahasha za maswali zinafunguliwa saa mbili na nusu mbele ya wanafunzi wote, na baada ya hapo mlango unafungwa, anayechelewa haingii. Ilipofika saa moja na nusu ndege haijaonekana. Ikafika saa mbili na dakika kumi. Mwajuma alikuwa ananitazama. Hakuomba, hakulia, alinitazama tu vilevile kama siku ya dirishani.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nilikuwa na mke, watoto watano sasa, na siku zile mtu akikosana na ofisi ya zone, watu walimsalimia wakitazama pembeni. Lakini miguu yangu haijawahi kungoja ruhusa, na nadhani ndiyo iliyoamua. Nikafika mbele ya mstari.

"Ninyi sita, tokeni," nikasema. "Twende mtihani."

Wakatoka. Prefe akanifuata kwa haraka, bila kupaza sauti, maana mtu wa Kamisaa alikuwa karibu.

"Amisi, mustari unavunjika."

"Unavunjika, Sitwayen Prefe. Mimi nakataa."

Nilipolisema neno lile, nikashangaa lilivyo jepesi. Tukakimbia. Vitenge vinawakamata magoti, jasho linashusha ule unga mweupe mpaka shingoni, na njia nzima Mwajuma alikuwa akisema vitenzi kwa pumzi. Mlinzi wa kituo alishika komeo la mlango akatuangalia.

"Hawa ni wa ngoma ama ni wa mutihani?"

"Mtihani," nikasema. "Ngoma wataicheza wakimaliza."

Akawaingiza. Mlango ukafungwa nyuma yao. Nikarudi barabarani peke yangu, nikasimama mahali pangu mbele ya mstari wenye mapengo sita, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenisemesha, isipokuwa mwalimu wa hesabu aliyenipa chupa yake ya maji.

Ndege ilitua saa nane mchana. Wale sita walikuwa wamekwisha maliza karatasi yao na kurudi mstarini. Waliimba, wakacheza, mgeni akafurahi, akapunga mkono. Mtu angefikiri mambo yameisha. Lakini mstari ulikuwa umevunjika asubuhi, na umeonekana. Baada ya wiki mbili barua ikaja: Sitwayen Amisi anahamishwa Kailo, shule ya msingi, darasa la pili. Prefe ndiye aliyetia sahihi. Aliniletea barua nyumbani mwenyewe, akakaa, akanywa chai ya Mama Zaina, na alipoondoka alinishika mkono kwa muda mrefu.

Mwajuma alipita. Tulisikia jina lake redioni, tumeegemea dirisha la jirani. Wenzake watatu pia walipita. Wawili walianguka, na mmoja wao anasema mpaka leo kwamba ningekataa ile animasio tangu mwanzo angepita. Hanisalimii, na siwezi kusema hana haki. Fundi Mwinyi alinitumia koti la abakosti Kailo kwa mkono wa dereva, amelishona bila kunipima, na lilinikaa sawasawa. Yule mchuuzi wa mpunga alikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Miaka yote niliyokaa kule aliniuzia mpunga wake bila kunikopesha hata kikombe.

Darasa la pili Kailo nilifundisha kuhesabu kwa mbegu za mahindi. Baadaye walinipeleka ofisi ya shule kupanga makaratasi, kazi ya kukaa, ambayo ilinitesa kuliko adhabu yenyewe. Kamisaa mwingine alipokuja, faili langu lilipotea au lilipotezwa, nikarudi Alunguli na Kiingereza changu. Nilikuwa pale siku Zaire ilipoacha kuitwa Zaire. Makofi hayakuisha siku hiyo, niwaambie kweli. Mikono ya watu ilikuwa imezoea.

Naikumbuka vizuri siku yangu ya kustaafu. Nilivaa koti la Fundi Mwinyi, ingawa vifungo vilikuwa vimelegea. Mbele alikaa Inspekta wa jimbo, mwanamke wa nywele zenye mvi kidogo, ambaye alisoma Kisangani, akafundisha, akaolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe. Alikuwa Mwajuma. Prefe mpya, kijana mzuri, alinisifu sana, halafu akafungua karatasi. "Na Mzee wetu Amisi, kuanzia leo, njo mwenyekiti wa kamati ya walimu wazee." Watu wakaanza kupiga makofi. Mikono yangu ikanyanyuka.

Mwajuma akasimama. Akanyoosha kiganja mpaka wakanyamaza.

"Bado hatujamuuliza," akasema. Akanigeukia. "Mwalimu, unakubali?"

Ukumbi wote ulinitazama. Machozi yakanitoka mbele ya watu, mimi mzee wa wajukuu tisa. Miaka ile yote ya kazi, swali lile nilikuwa nimeulizwa mara moja tu, kwenye baraza la baba yake.

"Hapana," nikasema.

Hakuna aliyejua la kufanya. Halafu Mwajuma akaanza kupiga makofi, peke yake.

Nyumbani nilidumu siku tisa. Nilizunguka uwanja mpaka Mama Zaina akasema nimemchimbia mfereji. Siku ya kumi nilivuka barabara, nikamkuta Prefe mpya, nikamwomba saa moja kwa wiki katika darasa la sita, bila barua wala mshahara. Alitaka kuitisha mkutano. Nikamwambia aache.

Siku ya kwanza nilifuta ubao, nikaandika vitenzi vitatu. Wanafunzi wakanakili wawili watatu, wengine wakasita. Msichana mmoja wa nyuma akanyanyua mkono.

"Mwalimu, haya ni ya kukataa. Iko mu programu?"

"Haimo," nikasema. "Andikeni."